Uso wa Babu na Weupe wa Magadi

Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na sakafu yake iko mita mia sita hivi chini yake. Asubuhi za miezi ya baridi ukungu hujaa pale juu hata mtu asimwone mwenzake aliye hatua kumi mbele. Kisha, kiasi cha saa nne, ukungu huanza kupanda na kuchanikachanika, na huko chini ukaona Ziwa Magadi liking'aa kwa weupe wa magadi yake, nyati wakiwa kama punje za kunde zilizomwagika, na vivuli vya mawingu vikitembea juu ya majani. Wageni husema hapana mahali pazuri pa kupigia picha kama pale. Mimi, niliyeishi kwa kazi ya kupiga picha za video, nasema hapana mahali pagumu kama pale. Weupe wote wa dunia na weusi wake wote umewekwa ndani ya dirisha moja, na kamera haina moyo wa kuvipokea vyote viwili kwa mara moja.

Nilianza kazi hiyo Karatu mwaka 1997. Karatu ni mji wa barabarani. Magari ya watalii yalipita hapo kwenda lango la Lodoare yakituachia vumbi jekundu, maana wakati huo lami ilikuwa haijafika. Sisi wenyeji tulikuwa na mambo yetu: harusi, kipaimara, mahafali ya shule, na misiba ya wenye uwezo. Nilikuwa na kamera moja, mashine mbili za kurudufia kanda, na televisheni ya inchi kumi na nne. Katika kazi za namna hiyo hakuna mtu aliyekuuliza habari za viwango vya mwangaza. Bibi harusi akitoka mweupe kupita kiasi, shela na uso vikayeyuka pamoja, shangazi zake walisema amependeza. Nami nikachukua ujira wangu nikaenda zangu.

Mwaka 2002 nikaingiwa na tamaa ya kufanya jambo kubwa zaidi. Wazee walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, nao ndio waliojua jinsi watu wa Karatu walivyokuwa wakipanda kule msituni, jinsi walivyobadilishana mahindi na ngozi na samli za Wamaasai, na jinsi mambo yalivyogeuka mwaka 1959, Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti ikawa eneo la hifadhi lenye sheria zake. Nikaazimia kutengeneza filamu ya dakika 24, na mzee wa kwanza kumwendea alikuwa babu yangu mzaa mama.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, ameegemea ukuta.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo uliyobeba ni bunduki au ni kitu gani?”

Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba ikiwa nataka asimulie habari za kule juu, basi nimpeleke huko huko juu, kwa kuwa maneno mengine hayasemwi mbali na mahali pake. Nikaazima gari, nikalipa ada zilizotakiwa, tukapanda.

Pale ukingoni, kando ya barabara, kuna kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyefariki tarehe 10 Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tumbusi. Yeye na baba yake, Bernhard, walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, na filamu waliyoifanya juu ya kazi hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Ndege yao ilikuwa imepakwa milia kama ya punda milia. Babu aliiona kwa macho yake akiwa kijana. Alisema walipoiona ikipita chini chini, mwenzake mmoja alidhani mzungu amempa punda milia mabawa, wakacheka hata wakasahau mizigo yao. Alipokuwa akisimulia hayo alikuwa amekaa juu ya jiwe, mgongo wake ukielekea kreta, na nyuma yake ukungu ulikuwa ndio kwanza unapanda, mweupe kama pamba. Kando kidogo alisimama kijana mmoja wa Kimaasai mwenye shuka jekundu, akisikiliza. Nilijiona mpiga picha hodari kuliko wote duniani.

Kamera yangu ilikuwa na kidude cha kuonya ambacho mafundi hukiita zebra, yaani punda milia. Ukikiwasha, sehemu ya picha iliyozidi mwangaza huchorwa milia ndani ya kitundu cha kuangalizia. Mawingu yote nyuma ya babu yalikuwa na milia. Nikaona ni kero tu, nikakizima. Kamera, nayo, ilikuwa nimeiacha ijiamulie mwanga yenyewe. Ikaona weupe mwingi, ikafumba jicho lake, na uso wa babu ukaingia gizani.

Nilihariri filamu hiyo Arusha kwa siku tisa, katika kompyuta ya kukodi. Nikaweka maandishi meupe pepepe ya majina, nikaongeza rangi kidogo ili shuka lile liwake, nikahamishia kazi yote kwenye kanda na kuituma kwa basi kwenye kituo kimoja cha televisheni. Baada ya wiki mbili ikarudi. Ilikuwa na karatasi yenye sentensi mbili: mwangaza umezidi kiwango kinachoruhusiwa, rekebisha ndipo ulete.

Nilikasirika. Nilidhani ni fitina. Kwenye televisheni yangu picha ilikuwa nzuri, basi hicho kiwango kilitoka wapi? Nikapiga simu, na baada ya kuzungushwa sana nikampata fundi mitambo mmoja mwenye subira.

“Kijana wangu,” akaniambia, “umewahi kusikia televisheni ikitoa mlio wa bzzz pale yanapotokea maandishi meupe?”

Nikasema nimesikia mara nyingi.

“Basi huo ndio mwangaza uliozidi. Unasikika.”

Akanifundisha jambo ambalo sikulisahau. Katika urushaji wa wakati ule, kabla ya dijitali, picha ilipandishwa juu ya wimbi kinyumenyume: sehemu nyeusi ya picha ilitumia nguvu nyingi za mtambo, na sehemu nyeupe ilitumia nguvu chache. Kadiri weupe ulivyozidi, wimbi lilizidi kusinyaa. Weupe ukivuka mpaka, wimbi lilikaribia kutoweka kabisa; na kwa kuwa seti nyingi za nyumbani ziliipata sauti kwa kuegemea wimbi hilo la picha, sauti nayo ilikatikakatika, ukasikia huo mlio kama wa nyuki. Kwa hiyo mawingu yangu mazuri yangeifunika sauti ya babu. Fundi hakuwa na fitina yoyote. Alikuwa akilinda maneno ya mzee ambaye hakumjua.

Akaniambia na habari za namba. Katika video ya dijitali ya biti nane kila nukta ya picha hupewa namba ya mwangaza baina ya 0 na 255. Lakini watu wa utangazaji, tangu makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1982, hawatumii nafasi yote hiyo. Weusi huanzia 16, na weupe huishia 235. Zile namba mbili za mwisho kabisa, 0 na 255, zimewekwa kwa ajili ya alama za kuongozea mitambo, na nafasi iliyobaki juu na chini ni kama uwanja ulioachwa kati ya nyumba na barabara, ili picha ikiyumba kidogo inapopita katika vichujio isigonge mtu. Kamera ndogo nyingi hurekodi weupe hata kufikia 254, wala hazikosei, zinakuwekea akiba. Ni kazi ya mhariri kuirudisha akiba hiyo ndani ya mpaka kabla ya kutoa kazi yake nje. Mawingu yangu yalikuwa yamefika 250.

Nilirudi Arusha nikiwa na haraka, maana fedha ya kukodi kompyuta ilikuwa imeniishia. Nikafungua programu, nikatafuta kitelezi cha mwangaza, nikakiteremsha kwa kumi na tano. Mawingu yakashuka kutoka 250 mpaka 235, sawasawa na sheria. Nikaangalia kwenye televisheni iliyokuwapo pale, ambayo mwenyewe alikuwa ameipandisha mwanga mpaka mwisho, nikaona hapana neno. Kanda ikapokelewa. Ikapangiwa siku.

Jioni ile tulikusanyika dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa pale Karatu aliyekuwa na dishi na jenereta. Babu aliletwa, akapewa kiti cha mbele, amevaa koti lake la kanisani. Filamu ikaanza. Sauti ilikuwa safi, hakuna mlio wowote. Kreta ilionekana, shuka la kijana yule lilionekana, meno ya babu na weupe wa macho yake vilionekana. Lakini uso wake haukuwapo. Palikuwa na doa jeusi lenye umbo la kichwa, likizungumza.

Watu walinyamaza kwa heshima. Babu akatazama muda mrefu, kisha akaniuliza polepole:

“Huyo anayesema ni mimi, au ni kivuli changu?”

Nikamwambia ni televisheni hii, babu, mbovu. Nilimwambia uongo, naye nadhani alijua. Mwaka uliofuata alifariki, na picha ile ndiyo iliyokuwa picha yake pekee iliyotembea na kusema.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kuelewa nilichofanya. Ngoja nikieleze, msomaji, maana ni hesabu ya darasa la nne. Shavu la babu, upande wa kivuli, lilikuwa kwenye namba 45. Weusi huanzia 16, kwa hiyo mwanga wote aliokuwa nao ulikuwa hatua 29 tu. Mawingu yalikuwa 250, yaani hatua 234 juu ya weusi. Nilipoondoa kumi na tano kwa kila mmoja, mawingu yalibaki na hatua 219; hayakupoteza hata sehemu moja kati ya kumi. Babu alibaki na hatua 14. Nilimnyang'anya zaidi ya nusu ya mwanga wake ili mawingu yafuate sheria.

Wazee wetu waliijua hesabu hii kwa jina lingine. Ndiyo kodi ya kichwa. Mwenye ng'ombe mia na mwenye mbuzi mmoja wanatoa kiasi kile kile; karani anaandika kwamba wote wametendewa sawa, na mmoja anarudi nyumbani bila mbuzi. Kodi ya maendeleo ya namna hiyo ilifutwa nchini mwetu mwaka 2003, lakini kitelezi cha mwangaza kingali kinaitoza katika kila kompyuta, na kila siku kuna mtu mwenye haraka anayekivuta.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lina ukoo mrefu. Kampuni ya Kodak, tangu miaka ya 1950, ilikuwa ikipeleka katika maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, ili mafundi wapime rangi zao kwa ngozi yake. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kwanza aliyepigwa picha hizo. Ngozi yake ikitoka vizuri, kazi imetoka vizuri. Hata hicho kidude cha punda milia, vitabu vingi vya mafunzo vilielekeza kiwekwe asilimia 70 kwa kupima uso, bila kusema ni uso wa nani. Uso mweusi hauhitaji kufika sabini; ukiulazimisha, unakuwa kama umepakwa majivu. Mahali pake ni chini zaidi, kwenye hamsini hivi, lakini mahali hapo ni lazima palindwe, maana hapana ardhi kubwa chini yake ya kurudia.

Kanda halisi ya kamera nilikuwa nimeihifadhi katika kopo la biskuti, pamoja na mchele kidogo uliofungwa kwenye kitambaa ili kuzuia unyevu. Mwaka 2009, nilipopata kompyuta yangu mwenyewe, niliitoa. Nilitetemeka kuiingiza kwenye mashine. Ikacheza. Safari hii nilifungua kile kioo cha kupimia ambacho zamani nilikiruka, kinachochora mwangaza wote wa picha kama milima, weusi chini na weupe juu. Macho ya mtu hudanganywa na televisheni aliyo nayo, na mwanga wa chumba, na matamanio yake. Kipimo hicho hakina matamanio. Nikauona mwamba wa mawingu ukiwa umegota juu ya mpaka, na huko chini kabisa, karibu na ardhi, kijilima kidogo. Kijilima kile ndicho kilikuwa uso wa babu.

Sikushusha kitu chote pamoja. Nilianza na yeye. Niliupandisha uso wake taratibu, kutoka 45 mpaka sabini na kitu, nikasimama pale chenga zilipoanza kuonekana kwenye shavu. Kisha nikaenda juu nikaikunja ile sehemu ya mawingu peke yake, kuanzia 200 kwenda juu, ili badala ya kuishia 250 iishie 235. Mafundi huita mkunjo huo goti, na jina limefaa, kwa kuwa ndivyo anavyofanya mtu mrefu anapopita mlango mfupi: hukunja magoti, hakati kichwa. Kwa kuwa kamera ilikuwa imeyaweka mawingu yale ndani ya akiba yake, mistari ya ukungu ilikuwa bado imo. Laiti ningaliyakata moja kwa moja kwenye 235, kama vichujio vingi vya usalama vinavyofanya, pangebaki bati jeupe tu.

Shuka la yule kijana lilinipa somo jingine. Mwangaza wake ulikuwa ndani ya mpaka, lakini wekundu nilioongeza ulikuwa umevuka. Rangi iliyokolea yaweza kuonekana halali ukiipima kwa mwangaza, kisha ikazidi inapogeuzwa kuwa nyekundu, kijani na buluu ndani ya televisheni, na kingo zake zikachuruzika. Ndiyo maana Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, katika pendekezo lake R 103, hupima pia rangi zenyewe, usipime weupe peke yake, na kuruhusu zizidi au zipungue kwa asilimia tano tu. Nikaupunguza wekundu mpaka nyuzi za shuka zikaonekana. Maandishi ya majina nikayashusha kidogo chini ya weupe kamili, kwa maana herufi hazihitaji kuwa jua ili zisomeke. Mwisho wa yote, baada ya kila kitu, nikaweka kizuizi cha kukamata kile kidogo kilichosalia. Kizuizi huwekwa mwisho. Ukikiweka mwanzo kisha ukaongeza maandishi na rangi juu yake, umefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Siku hizi urushaji wa zamani umekwisha. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata. Mlio wa nyuki hausikiki tena. Vijana wananiuliza, basi mpaka huo ni wa nini? Nawajibu kwamba televisheni zingali zinasoma 16 kuwa weusi na 235 kuwa weupe, na kinachozidi hukatwa njiani bila kuulizwa. Tena limezuka tatizo jipya. Kompyuta na baadhi ya simu hutumia nafasi yote, 0 mpaka 255, na faili isipotangaza ni ya aina gani, programu hukisia. Ikikisia vibaya upande mmoja, picha hufifia kama nguo iliyofuliwa sana. Ikikisia vibaya upande wa pili, huivuta picha kuelekea pande zote mbili: shavu lililokuwa kwenye 40 linajikuta kwenye 28, sehemu tatu kati ya kumi za mwanga wake zimekwenda, na mtoaji hajagusa kitelezi chochote. Kwa hiyo nawaambia: tazameni tena faili iliyokwisha kutoka, kwenye kipimo na kwenye seti ya kawaida, kabla ya kuikabidhi. Mtafuteni kwanza mtu mweusi kuliko wote katika picha, mwone kama bado yupo.

Filamu ile mpya sikuipeleka kituoni. Niliipeleka nyumbani kwa bibi, nikaiweka kwenye televisheni yake, nikakaa nyuma yake nisimwone machozi. Babu akatokea juu ya jiwe, ukungu ukipanda polepole nyuma yake, na uso wake ulikuwapo: mikunjo ya paji, kovu la utotoni juu ya jicho, ndevu chache nyeupe kidevuni. Akaanza habari za ndege yenye milia, akacheka mwenyewe kabla hajafika mwisho, kama ilivyokuwa desturi yake.

Bibi hakulia. Alisogeza kigoda chake karibu na kioo, akainama, akamtazama kwa makini.

“Mbona hukumwambia afunge kifungo cha shati?” akaniuliza. “Na baridi yote ile ya kule juu.”